Mashine Ilimnyima Alama, Nami Nikampa kwa Siri

Mpendwa Shangazi Bitutu,

Assalam aleikum. Naomba msaada wako, na naomba unisome mpaka mwisho kabla hujanihukumu, kwa sababu nusu ya barua hii ni ya kujivunia na nusu nyingine ni ya kutubu, na mimi mwenyewe nimeshindwa kuzitenganisha.

Naitwa Kuruthum, nina miaka thelathini na nne, nimezaliwa Migori mjini ambako baba yangu, Mzee Noor, ana duka la vitambaa, na kazi yangu ni kufundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza kuzungumza Kiingereza katika tawi la chuo kikuu kimoja lililoko Homa Bay. Si kuandika, Shangazi, kuandika wanajua, wameandika insha tangu darasa la nne. Ni kuzungumza, yaani mtu afungue mdomo mbele ya wenzake na maneno yatoke. Nilipoanza kazi hiyo nilikuta darasa la watu sitini na wanne wanaonitazama kama wanaotazama mvua kupitia dirishani. Nikiuliza swali, kimya. Siku ya pili nilimwinua kijana mmoja mpole, Willis, kutoka Oyugis, aeleze chai inavyopikwa, akafika kwenye neno la sukari, "sugar", akalitamka kama Wajaluo wengi wanavyolitamka, kwa "s" mahali pa "sh", na wale waliosomea Nairobi wakaangua kicheko. Willis akaketi, na nakwambia kweli, hakuna aliyesimama tena mpaka nusu ya muhula.

Kisha chuo kikaletewa kompyuta ishirini na hedifoni zake, na ndani yake programu ya kusikiliza matamshi, mwanafunzi anasoma sentensi, mashine inamsikiliza, na maneno yanageuka kijani akiyatamka vizuri na mekundu akikosea, halafu mwisho inampa alama kati ya sifuri na mia. Nilifurahi mno. Na mwanzoni ilikuwa ajabu hasa, kwa sababu mtu akishavaa hedifoni anasahau kwamba kuna wenzake, na chumba ambacho kilikuwa kimya kama kaburi kikaanza kunguruma kama soko la Jumatatu, watu ishirini wanaongea Kiingereza kwa mpigo mmoja na hakuna anayemcheka mwenzake kwa sababu hakuna anayemsikia.

Ila kulikuwa na Leonida. Huyu Leonida si msichana mdogo, ana miaka thelathini na mmoja na mtoto anayesoma, aliuza omena, wale dagaa wa ziwani, kisiwani Remba miaka mingi baada ya kidato cha nne kabla hajapata nafasi ya kurudi kusomea ualimu wa bayolojia, na darasani alikuwa anakaa kiti cha nyuma kabisa na kalamu yake, anaandika kila kitu, hasemi chochote. Siku yake ya kwanza na mashine alisoma sentensi kumi, na zote zikatoka nyekundu. Alama thelathini na mbili. Nikamwambia ajaribu tena. Akajaribu. Nikamwambia ajaribu tena. Shangazi, nilimrudisha mara kumi na moja, nilihesabu, na mara ya kumi na moja alivua hedifoni, akaiweka mezani taratibu kama mtu anayeweka yai, akaniambia:

"Madam, hii mashine inasema mimi sisemi Kiingereza. Sasa kama sio Kiingereza, nilikuwa naongea nini?"

Akachukua mkoba wake akaondoka, na sikumwona kwa wiki mbili.

Siku hiyo wanafunzi walipotoka nilifunga mlango nikavaa hedifoni mimi mwenyewe. Nilisoma sentensi zilezile kumi, kwa sauti yangu nzuri ninayoitumia mbele ya wageni, na mashine ikanipa alama sitini na moja, mimi mwalimu mwenye shahada mbili, ikaniambia kwamba naongeza irabu mwishoni mwa maneno, na ni kweli naziongeza, sisi tuliokua na Kiswahili nyumbani tunaziongeza. Nilikaa pale nikajiuliza hii mashine imefundishwa na masikio ya nani, maana nimehojiwa kwa Kiingereza na nimefundisha kwa Kiingereza na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia sijaeleweka.

Basi nikabadilisha mambo. Niliizima ile sehemu ya alama, nikaacha kinasa sauti tu, na nikawapa kazi moja: kila mtu aeleze kwa dakika tatu jambo analolijua kuliko mimi mwalimu wake. Niliwagawa wanne wanne, kila kundi na kikundi chake cha WhatsApp, msemaji anatuma sauti, na wenzake watatu wanaandika walichoelewa na kumrudishia swali moja kwa sauti zao. Wasipoelewa, kosa si la lafudhi ya mtu, msemaji anarudi anarekodi tena kwa njia nyingine mpaka waelewe. Nikaenda mpaka kwao Leonida kumwomba arudi. Mama yake alinikaribisha chai, na Leonida akanisikiliza, akasema, "Nitarudi, Mwalimu, lakini ile mashine usinivalishe tena." Nikamwahidi.

Rekodi yake ya kwanza ilikuwa kuhusu omena wakinyeshewa. Alieleza jinsi wanavyoanikwa, jinsi mvua ikiwakuta nusu wamekauka rangi inavyogeuka na harufu inavyobadilika, jinsi muuzaji anavyoweza kujua kwa kuwavunja mkononi kama bado ni chakula cha watu au wameshakuwa chakula cha kuku. Dakika tatu zilipita nikiwa nimesimama. Nilikuwa Migori dukani kwa baba wikendi ile, nikamchezea asikie, naye Kiingereza chake ni cha kuokoteza tu kwa wateja, akaacha kupima kitambaa akasikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza, "Huyu ni nani?" Nikamwambia mwanafunzi wangu. Akasema, "Mama, huyu nimemwelewa neno kwa neno. Wewe ukiongea Kiingereza wakati mwingine unanipotea."

Kufikia Mei darasa lilikuwa jingine. Watu walikuwa wanagombea kurekodi. Hata Willis alisimama mwenyewe, bila kuitwa, akaeleza namna ya kufunga mzigo wa miwa usidondoke, na aliposema vibaya hakuketi, alirudia.

Sasa nikueleze siku ninayojivunia kuliko zote. Mwezi wa sita walikuja wahandisi kutoka nje, wawili, kufanya mkutano Homa Bay mjini kuhusu majukwaa ya kukaushia omena yaliyozungushiwa na kuezekwa karatasi ya nailoni ya kupitisha jua, wakawaita akina mama wanaouza samaki kutoka visiwani na ufukweni, na mimi nikawapeleka wanafunzi wangu wakajifunze kunukuu mazungumzo. Mhandisi mmoja akatundika mchoro ukutani akaeleza, na mtu wa kumtafsiria alifanya kazi yake kwa haraka haraka, na wale mama wakawa wanaitikia kwa vichwa tu, kwa heshima. Nikamwona Leonida anautazama ule mchoro na uso umekunjamana. Akainua mkono. Akasimama akasema kwa Kiingereza kwamba mlango wa lile jukwaa umeelekea ziwani, na mchana upepo unatoka ziwani na unyevu wake, kwa hiyo omena hawatakauka, watachemka. Mhandisi akamuuliza swali. Akajibu. Akamuuliza jingine. Akaenda mpaka ukutani akamwonyesha kwa kidole. Alitamka samaki "fis" labda mara tisa na hakuna aliyecheka, kwa sababu kila mtu mle ndani alikuwa anataka kujua anachosema, na baada ya dakika sita hivi yule mhandisi alichukua kalamu akaugeuza mlango kwenye mchoro mbele ya macho yetu.

Mama mmoja nyuma yangu akanong'ona, "Ma nyathi ng'a?" Anauliza huyu ni mtoto wa nani. Na mimi, Mungu anisamehe, sikungoja wa kwao wamjibu, niligeuka nikamwambia, "Ni mwanafunzi wangu, huyo! Mimi ndiye namfundisha!" Nililia mpaka mtandio ukalowa.

Sasa nafika kwenye dhambi. Idara yetu ina sheria kwamba alama arubaini kati ya mia za mtihani wa kuzungumza zitoke kwenye programu. Nililazimika kuwarudisha wote kwenye ile mashine, hata Leonida niliyemwahidi, na matokeo yakaja: wanafunzi ishirini na watatu wanaanguka, Leonida akiwa wa kwanza kati yao, na anayeanguka haendi mazoezi ya kufundisha mwaka ujao. Nikaketi na rekodi zao za muhula mzima, nikasikiliza kwa masikio yangu, nikawapa alama ninazoona wanastahili, na alama hizo nikaziandika kwenye safu ya mashine. Sikumwambia mtu. Walioanguka wakawa watatu tu.

Nilidhani yameisha. Lakini mkuu wa idara yetu, Daktari Mochama, ambaye ni mtu mwema na ndiye aliyeomba zile kompyuta, aliyaona matokeo akanijia ofisini akiwa na furaha ya kweli, akanishika mikono yote miwili akasema, "Kuruthum, mashine imefanya kazi! Watu wasiosema sasa wanasema!" Na baada ya wiki tatu anataka nisimame mbele ya wahadhiri wa matawi yote nieleze jinsi programu ilivyowainua wanafunzi, ili nao wainunue na waanze kuitumia kutoa alama.

Nikinyamaza, wanafunzi wa matawi mengine wataangushwa na masikio yasiyowajua. Nikisema, alama za wangu zitafutwa, Leonida atakosa mazoezi, na mkataba wangu unaoisha Desemba sidhani kama utaguswa na kalamu tena. Rafiki yangu ananiambia, "Kwani umeiba? Umewasaidia, nyamaza." Lakini kila Daktari Mochama akinisifu najisikia kama nimevaa nguo ya mtu. Nifanye nini, Shangazi?

Ni mimi,
Kuruthum, Migori

*

Mwalimu Kuruthum,

Waaleikum salaam. Nimekusoma mpaka mwisho kama ulivyoomba, na pale kwa mhandisi nimekusoma mara mbili. Hongera. Nilishika chaki miaka ishirini na tisa Kisii na Nyamira, na katika miaka hiyo yote nilipata siku kama hiyo labda mara mbili. Wengine wanastaafu bila kuipata. Kwa hiyo usiniletee habari ya kutenganisha fahari na toba; fahari yako ni halali, ibebe.

Sasa kaa vizuri nikukemee.

Rafiki yako anakuambia uliwasaidia. Uliwasaidia muhula mzima, hilo sikatai, ulipozima alama na kuwasha masikio. Lakini ile siku ya kuandika alama hukuwasaidia, uliwaibia. Ndiyo, nimesema uliwaibia, na rafiki yako mwambie nimesema. Leonida alisimama mbele ya watu akageuza mchoro wa mhandisi kwa ulimi wake mwenyewe, halafu wewe ukachukua ushindi huo ukaupeleka kwenye safu ya mashine iliyomnyima alama. Leo Daktari Mochama anapongeza programu. Kwa nini asiipongeze? Wewe ndiye uliyemwandikia hivyo. Hao watu ishirini walifaulu, kama kweli walifaulu, na hakuna ajuaye isipokuwa wewe na Mola wako.

Na hapo kwenye "kama kweli" ndipo pananiwasha zaidi. Ulisikiliza peke yako, mwanangu, ukiwa umeshawapenda. Nakujua kwa sababu najijua. Mwalimu anayempenda mwanafunzi anamsikia hata alichokusudia kusema. Una hakika wote waliopita walistahili kupita? Hata huyo Willis wa miwa? Mashine ilikuwa na masikio ya mgeni, ya kwako yalikuwa masikio ya mama, na mtihani hautaki ya huyu wala ya yule.

Kuna jingine ulilipitia haraka ukidhani sitaliona. Ulimvalisha tena mashine mtu uliyemwahidi hutamvalisha, na hukuniambia kama ulimwomba radhi. Na sauti yake ukaichezea dukani kwa Mzee Noor bila yeye kujua. Najua ilikuwa ni kwa kujivunia mwanafunzi wako, na mzee alimsifu vizuri, lakini sauti ya mtu ni ya mwenyewe. Aliirekodi kwa ajili ya watu watatu na mwalimu wake.

Basi, la kufanya. Usingoje hizo wiki tatu. Usithubutu kwenda kwenye jukwaa la wahadhiri ukatubu huko mbele za watu, eti kwa ujasiri. Huo si ujasiri, ni kumvua Daktari Mochama nguo hadharani, na hajakukosea. Jumatatu asubuhi mwombe nusu saa, mlango ukiwa umefungwa. Nenda na karatasi yenye safu mbili: alama za mashine upande mmoja, za kwako upande wa pili, majina yote sitini na manne. Mwambie, "Hizi ndizo ilizotoa, hizi ndizo nilizoandika mimi, na nilikosea kuzificha." Sema hivyo kisha unyamaze. Usilie. Ukilia ataanza kukubembeleza badala ya kufikiri.

Halafu, kabla hajaamua, mwombe jambo moja tu: hao ishirini na watatu wasikilizwe upya na watu wawili wasiowajua, wasiokujua wewe, wanaojua Kiingereza na wanaoijua nchi hii. Rekodi zipo, na wenyewe wapo wahojiwe uso kwa uso. Matokeo yatakayotoka uyakubali, hata yakimwangusha unayempenda. Siku hiyohiyo waite wanafunzi uwaambie kwa mdomo wako, wasije wakasikia koridoni. Leonida umwite peke yake kwanza, umwombe radhi kwa ahadi uliyoivunja na kwa sauti uliyoichezea, na umuulize kama anataka kuhojiwa. Usimjibie.

Mashine usiitupe. Umeandika mwenyewe kwamba ile hedifoni iliwapa watu waoga mahali pa kujifichia mpaka wakapata nguvu. Hiyo ndiyo kazi yake, iache ifanye hiyo. Lakini usikubali tena kuifanya hakimu, na hilo likatae kwa barua yenye sahihi yako, si kwa kuchezea safu gizani.

Mkataba wako? Sijui. Huenda usiguswe na kalamu, kama unavyoogopa. Siwezi kukudanganya kwamba ukweli huwa unalipwa mwisho wa mwezi. Ninachojua ni kwamba umewafundisha watu sitini na wanne kusimama na kusema jambo wanalolijua mbele ya wanaowatisha. Sasa zamu ni yako. Simama useme.

Shangazi Bitutu

*

Barua ya Mwalimu Kuruthum niliijibu kwa faragha kwanza, kwa sababu haikuwa ya kuchapishwa kabla mambo hayajanyooka. Baada ya mwezi mmoja na nusu aliniandikia tena. Yeye, Leonida na mkuu wa idara wameniruhusu nizichapishe zote, majina yakiwa yamebadilishwa.

Shangazi,

Nilienda Jumatatu. Daktari Mochama alisoma ile karatasi mara tatu, kisha akatoka nje akasimama barazani dakika nyingi amenipa mgongo. Aliporudi hakunipigia kelele, afadhali angepiga. Alisema, "Nimewaambia watu mpaka Nairobi." Nilinyamaza kama ulivyoniambia, na sikulia, ingawa ilinigharimu. Nimepewa barua ya onyo, ipo kwenye faili langu na itakaa humo.

Leonida nilimwita peke yake. Kuhusu sauti yake kuchezwa dukani alicheka, akataka kujua mzee alisema nini. Kuhusu ahadi hakucheka. Alisema, "Hiyo iliniuma, Mwalimu. Lakini umekuja kusema. Wengi hawaji." Nikamuuliza kama anataka kuhojiwa upya au tutafute njia nyingine. Akaniuliza siku gani.

Walikuja wahadhiri wawili kutoka chuo kingine. Walisikiliza rekodi asubuhi na kuwahoji watu mchana, mmoja mmoja, siku mbili. Kati ya ishirini na watatu, kumi na tisa wamefaulu. Wanne watarudia muhula ujao, na Willis ni mmoja wao, ulimjua kuliko mimi. Nilipomweleza alisema, "Hakuna shida, Madam, nitawaelezea hiyo miwa tena, sasa wataelewa." Mkutano wa matawi yote ulifanyika, na Daktari Mochama aliniacha nizungumze. Alikaa mstari wa mbele. Nilieleza yote, alama za mashine, alama zangu nilizozificha, na za wahadhiri wale wawili. Wengine walinikunjia uso, wengine wakaja baadaye kuniuliza kuhusu vile vikundi vya watu wanne. Idara imeamua kwamba kwa mwaka mmoja programu itakuwa ya mazoezi tu, na alama zitatolewa na wasikilizaji wawili. Kuhusu mkataba wangu bado hawajasema.

Lakini nataka nikueleze mahojiano ya Leonida. Nilikuwa nje kwenye benchi, mlango haufungiki vizuri, na aliyekuwa anamhoji ni Daktari Marcella, mama mmoja mkali asiyetabasamu ambaye mchana ule alishawatoa jasho watu wanne. Alimuuliza swali refu, kwa haraka, Kiingereza cha kupanda na kushuka. Leonida akajibu. Daktari Marcella akamkatiza, akamwambia kuna neno hakulisikia vizuri, arudie.

Mimi kwenye benchi nilishika ukingo kwa mikono miwili, nikamwona yule Leonida wa kiti cha nyuma, na mashine, na mara kumi na moja.

Kisha nikasikia sauti yake, tulivu kabisa, kwa Kiingereza chake cha ziwani, ikisema: "Nitarudia polepole, Daktari. Na wewe tafadhali nirudie swali lako, kwa sababu ulilisema mbio, nikasikia nusu."

Daktari Marcella akacheka. Nilimsikia anavuta kiti chake karibu na meza, halafu akaanza upya, polepole. Muda uliowekwa ulikuwa dakika kumi. Nilipotazama saa zilikuwa zimepita thelathini na tano, na bado walikuwa wanaongea.